Mtoni kwa Herufi Ndogo

Alhamisi, saa nne asubuhi, uvumilivu wangu uliisha katika ofisi ya walimu, na aliyeumaliza ni mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Nieleze tangu mwanzo. Mwanangu Rukia yuko darasa la sita hapa Kibiti. Mwalimu wake wa historia aliwapa insha: eleza mahali pa kihistoria ulipowahi kutembelea. Darasa karibu lote likaandika Bagamoyo na Kilwa. Watoto wale nawajua na wazazi wao nawajua. Wengi wao hawajafika hata Mkuranga. Walinakili kitabuni, wakapewa tiki. Rukia wangu akaandika Ndundu, kwa sababu ndiko alikofika kwa basi, tukienda kwa baba yake Lindi. Akaandika hivi: “Hapo zamani palikuwa na pantoni ya kuvusha watu na magari kabla ya daraja. Mama yangu alizaliwa juu ya pantoni hiyo katikati ya mto.” Mwalimu akachora mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo, akaandika pembeni: “Umebuni. Hapa si mahali pa kihistoria.” Sifuri.

Yaani watoto waliosema uongo wamepasi, aliyesema kweli kafeli. Na uongo wenyewe anaoambiwa kausema ni kuzaliwa kwangu mimi!

Nilikwenda shuleni na daftari lake mkononi. Mwalimu ni kijana wa bara, mpole, ana mwaka mmoja tu hapa kwetu. Akanivutia kiti. Sikukaa.

“Mama Rukia, mimi sina ugomvi na mtoto,” akasema. “Lakini mtu kuzaliwa juu ya pantoni, hiyo ni hadithi. Kama ni kweli, ushahidi uko wapi?”

“Ushahidi si huu umesimama mbele yako?”

“Nazungumzia karatasi, mama.”

Karatasi! Nikatoka mbio mpaka nyumbani, nikapekua sanduku, nikarudi na cheti changu cha kuzaliwa, nikakibandika mezani kwa kishindo. Sikukisoma. Nilikipata nikiwa kidato cha nne, kwa haraka za usajili wa mtihani. Niliona jina langu limeandikwa sawa, nikakikunja, basi. Mwalimu akakikunjua taratibu, akasoma kwa sauti:

“Mahali pa kuzaliwa: Mtoni, Temeke, Dar es Salaam.”

Halafu mwalimu mmoja wa kike akashindwa kujizuia: “Kumbe Mama Rukia mtoto wa mjini! Na huku kwetu ulikuja na basi la mwendokasi?” Wakacheka wote.

Pale pale nikaelewa kilichotokea. Karani alimuuliza marehemu mama yangu mtoto alizaliwa wapi, mama akajibu, “Mtoni.” Mama alikusudia mtoni penye maji na viboko. Karani akasikia Mtoni, ule mtaa wa Temeke, akanizalisha Dar es Salaam kwa kalamu yake. Lakini nani angenisikiliza wakati huo? Nilipogeuka, nikamwona Rukia kwenye mlango wa ofisi. Alikuwa ametumwa chaki. Aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake.

“Mama, ulinidanganya?”

Hapo ndipo uvumilivu ulipokatika. Si wakati wa sifuri wala wa vicheko. Ni pale mwanangu aliponiuliza vile.

Jioni alisema hataandika tena insha. Mtihani wa kuchagua herufi atafanya, kuandika maneno yake mwenyewe hapana. Baba yake yuko kazini Lindi. Akanipigia simu kunishauri niachane nalo. Nikamwambia wewe achana nalo, mimi naondoka. Likizo fupi ilikuwa inaanza kesho yake. Nikaamua nimpeleke mtoto akashuke apaone mahali penyewe kwa miguu, na nimtafute mwanamke aliyenipokea nilipozaliwa, kama bado anavuta pumzi. Nilichokijua ni neno moja la marehemu mama: nilipokelewa na muuza mikeka.

Jumamosi alfajiri tulipanda basi la Lindi. Ikwiriri tuliikuta inaamka, mafundi wanatoa vitanda nje na wanawake wanapanga samaki wakavu. Baada ya hapo barabara ikashuka bondeni. Nilimwonyesha Rukia madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ambamo mkulima analala akilinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na ndege. Akaangalia upande wa pili. Nimemzaa mwenyewe, kiburi nakijua kilikotoka.

Saa mbili kasoro tukashuka Ndundu. Jamani, huo mto! Ukiwa ndani ya basi unaupita kabla hujameza mate. Kwa miguu ni kitu kingine: maji mapana, rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila kelele, na visiwa vya majani vinaelea juu yake kama vimeitwa mahali. Daraja limesimama juu, malori yanapita yakiunguruma, hakuna dereva anayetazama chini. Sisi tukateremka chini.

Gati la zamani limebaki mteremko wa udongo ulioshindiliwa mawe, umefunikwa na matete. Kuna nguzo moja ya chuma, imeinama na kuliwa na kutu, na shingoni ina mfereji uliochimbwa na kamba kwa miaka. Rukia akatia kidole katika ule mfereji.

“Hapana hata kibao,” akasema.

“Ninyi huko chini!” Sauti ilitoka juu ya ukingo. Alikuwa mama mmoja mwenye beseni la samaki wa kukaanga. “Mnatafuta nini? Mna mtu kazama?”

“Natafuta nilipozaliwa, dada. Nilizaliwa kwenye pantoni.”

Akacheka mpaka akaweka beseni chini. “Basi umechelewa, mwenzangu. Maji yale yalishafika Mafia zamani!”

Jina lake Mama Chausiku. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akifunga kamba ya pantoni kwenye nguzo ile ile. Alitukalisha, akatupa samaki na mhogo, akatusimulia jinsi pantoni ilivyokuwa mji. Masika mto ukipanda, magari yalipanga foleni siku kwa siku, na watu wa Lindi na Mtwara walikaa hapa mpaka wakajuana na kuku wa Ndundu kwa majina. Watu walipika humo, walioana humo, walizika humo.

“Na kuzaa?” nikamuuliza. “Muuza mikeka mmoja alinipokea.”

“Ah! Bi Mwanahawa huyo. Unadhani ulikuwa peke yako? Foleni ile ilizaa watu. Daraja lilipofunguliwa, foleni ikafa, naye akarudi kwao delta, upande wa Salale. Nenda Nyamisati, uliza boti. Lakini usiseme Mwanahawa tu, wamejaa. Sema Mwanahawa wa Foleni.”

Nilimwambia Rukia aandike jina lile tusilisahau. “Siandiki,” akajibu. Nikalishika kwa kichwa.

Tulirudi nyumbani, na Jumatatu asubuhi tulipitia Bungu, tukakata kulia kwenda Nyamisati. Barabara inapita kwenye mikorosho na minazi, halafu harufu ya chumvi inakupokea kabla hujaona maji. Boti ya Salale ilikuwa inasubiri maji yajae. Huko delta saa ya mkononi haina kazi. Maji yakijaa mnakwenda, yakipwa mnakaa. Tulikaa mpaka saa sita. Rukia alianza kuuliza maswali, si kwangu, kwa nahodha. Mikoko ile mbona mizizi yake iko juu? Mnajuaje njia wakati vijito vyote vinafanana? Nahodha, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, alimjibu kila swali bila kuchoka.

Mwendo wa saa moja hivi ndani ya mikoko, akapunguza mashine.

“Tazama hapo, mwanafunzi. Hapo ndipo ilipo meli ya Mjerumani.”

Akatueleza kwamba wakati wa vita kuu ya kwanza meli ya kivita ya Wajerumani ilikuja kujificha humu. Waingereza wakaisaka, wakaipiga kwa mizinga, mwisho Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Rukia akasimama, boti ikayumba, nikamshika gauni.

“Iko wapi?”

“Chini.”

“Siioni.”

“Hata mimi sijaiona. Matope yameimeza. Lakini wageni wanakuja kutoka Ulaya mpaka hapa kuipiga picha.”

“Sasa wanapiga picha nini?”

“Matope,” akasema nahodha, na boti nzima ikaangua kicheko.

Rukia hakucheka. Alikaa, akafikiri, kisha akaniambia polepole, “Mama, meli haionekani na ni historia. Nguzo ya pantoni inashikika.” Nikaendelea kumshika gauni. Niliogopa kuharibu.

Saa tisa tukafika. Kijiji kimekaa juu ya kipande cha ardhi kavu, nyumba za udongo na miti ya mikoko, nyavu zimeanikwa, kaa wanakimbia hadi mlangoni. Tukaonyeshwa nyumba ya mwisho. Nikapiga hodi.

“Karibu. Umeleta shari au sukari?”

“Sukari, bibi. Na majani ya chai.”

“Basi ingia. Wa shari nimekwisha mfukuza asubuhi.”

Alikuwa amekaa chini anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako kwetu. Ni mwembamba, meno yamebaki machache na yote anayatumia kucheka. Nikamwambia mimi ni mtoto aliyempokea kwenye pantoni ya Ndundu.

“Wako wengi. Wewe wa mvua au wa jua?”

“Sijui, bibi.”

“Mama yako nani?”

“Somoe, wa Muhoro. Amefariki.”

Vidole vikasimama. “Somoe. Mungu amrehemu. Aaa, wewe ndiye wa viboko!”

Na akaanza, kana kwamba ni jana. Mama alikuwa anavushwa kupelekwa hospitali, uchungu umekwisha mkamata, na pantoni ilikuwa bado haijafika katikati. Juu yake palikuwa na basi zima la abiria, wengi wanaume. Bi Mwanahawa akafungua mzigo wake, akasimamisha mikeka mipya minne kuwa chumba, kisha akawapigia kelele wanaume wote wageuke wahesabu viboko.

“Wakahesabu! Wanaume wazima, migongo huku, nyuso majini, ‘kumi na moja, kumi na mbili.’ Mwenye injini akapaza sauti, arudi au aendelee? Nikamwambia zima, mtoto hapendi makelele. Akazima. Tukawa tunakwenda na maji tu, kimya, na wewe ukalia. Mzee mmoja kule mbele, hajageuka, akasema, ‘Huyo si kiboko.’”

Nilikuwa nimebeba hasira tangu Kibiti, nimezifunga vizuri pamoja na sukari. Nilicheka, na nilipokuwa nacheka machozi yakaanza kunitoka, na sikuyafuta.

Rukia alikuwa jikoni, amechuchumaa. “Bibi, mbona figa lako moja ni la chuma?”

“Kwa sababu huku hatuna mawe, mjukuu wangu. Delta yote ni matope. Ukitaka jiwe la kuwekea chungu, ulinunue Bungu ulipandishe boti. Figa hilo alikuja nalo babu yangu. Limetoka kwenye meli ya Mjerumani.”

Nilimwona mwanangu akilitazama lile pande la chuma, jeusi kwa masizi, sufuria ya wali imekaa juu yake pamoja na vipande viwili vya tofali. Meli iliyofuatwa na manowari za Waingereza sasa inapika wali na kaa wa nazi.

“Sasa wageni wale wanapiga picha matope bure,” akasema Rukia.

“Wangebisha hodi,” Bi Mwanahawa akamjibu.

Tukalala hapo. Asubuhi, kabla maji hayajajaa, nilimweleza shida yangu: sifuri, cheti, Temeke, vicheko. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo mwalimu mbaya?”

Ilinibidi nifikiri. “Si mbaya. Hajui.”

“Basi tumjulishe. Nitasema, mtu aandike. Mimi shule yangu ni ukili.”

Nikatoa daftari langu la matumizi ya nyumbani. Kabla sijatafuta kalamu, Rukia akalichukua. Alikaa kitako karibu na jiko, akaweka daftari juu ya goti, akasubiri. Mimi nikajifanya nafunga mzigo, maana ningemtazama angeacha.

“Andika,” Bi Mwanahawa akaanza, “mimi Mwanahawa niliyekuwa nauza mikeka Ndundu, nilimpokea mtoto wa Somoe. Alizaliwa mtoni.”

Kalamu ikasimama. “Bibi, mtoni niandike kwa herufi kubwa au ndogo?”

“Herufi sizijui hizo. Mto ni mkubwa. Herufi shauri lako.”

Rukia akatafuna ncha ya kalamu, akainama, akaandika m ndogo. Kisha akaisoma karatasi nzima kwa sauti, mpaka kwenye viboko na mikeka minne. Ilikuwa nzuri kuliko ile iliyopata sifuri.

Ikabaki sahihi. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwenda Kibiti na muhuri wake, na wino hatukuwa nao. Bi Mwanahawa akaniangalia kama ninayemchelewesha. Akageuka, akasugua dole gumba chini ya sufuria, palipogusana na figa la chuma, akalibandika kwenye karatasi. Alama ikatoka nyeusi, mistari yote inaonekana.

“Huo muhuri wa Serikali ya Mjerumani,” akasema. “Wakiukataa, waje nao niwapikie.”

Tukaondoka na maji. Wakati wa kwenda Rukia alikuwa kimya kwangu kwa kununa. Wakati wa kurudi alikuwa kimya kwa kuandika. Nyamisati aliniuliza tahajia ya neno “foleni”. Bungu aliniuliza ya “mizinga”.

Nilichojifunza nakisema wazi. Nilidhani mahali pa kihistoria ni lazima pawe na kibao na mtu wa kukata tiketi. Kumbe sisi wenyewe tumepaacha bila kibao, tunapita juu ya daraja tunalala kwenye basi, halafu tunakasirika mgeni asipopajua. Mwalimu alikosea, na hilo silifuti. Lakini hata mimi nilikaa na cheti chenye uongo miaka yote sijakisoma. Mama yangu aliwahi kunisimulia pantoni mara moja tu, na mimi nikamsimulia Rukia mara moja tu. Haitoshi.

Jumatano, siku shule ilipofunguliwa, saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Rukia alikuwa darasani. Nilikuwa nimeandika barua mbili. Ile ya kwanza, ya Alhamisi, ilidai mwalimu ahamishwe. Niliichana kwenye boti nikaifanya ya kufungia vitumbua. Ya pili ndiyo hii. Mwalimu mkuu akasema tuyamalize kwa mdomo, hakuna haja ya karatasi.

“Kosa liliandikwa kwa kalamu, mwalimu. Kwa mdomo halifutiki.”

Mwalimu wa historia akaitwa. Akasoma ushahidi wote akiwa amesimama. Akalitazama lile dole gumba, akalinusa. “Hii ni masizi?”

“Ya meli.”

Akakaa chini. “Mama Rukia, kwetu mito mingi hukauka kiangazi. Unaweza kuivuka na viatu. Niliposoma mtu kazaliwa katikati ya mto…” Hakumaliza. “Huyu bibi bado yupo? Wanafunzi wanaweza kumfikia?”

“Soma barua,” nikamwambia, “nimekwisha kuomba.”

Ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Ninayo nakala, nayo inasema hivi:

KWA MWALIMU MKUU
NAKALA KWA KAMATI YA SHULE

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIFURI YA INSHA YA RUKIA, DARASA LA SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Nalalamika kwamba mwanangu alipewa sifuri kwa kueleza mahali alipofika kweli, na wenzake wakapewa alama kwa kueleza mahali wasipofika. Nalalamika pia kwamba aliandikiwa neno “umebuni” bila kuulizwa, na kwamba mzazi wake alichekwa akiwa ofisini.

Naomba neno hilo lifutwe kwa kalamu nyekundu ile ile, na insha isahihishwe upya. Naomba darasa la sita lipelekwe Ndundu kuona gati la pantoni na nguzo yake, na lipelekwe delta kumsikiliza Bi Mwanahawa wa Foleni maadamu yupo. Mwalimu wa historia awe wa kwanza kupanda boti. Sukari nitatoa mimi.

Kuhusu cheti changu kinachosema nimezaliwa Temeke, hilo si kosa la shule. Nimekwisha anza kulishughulikia kunakohusika.

Naambatanisha insha ya kwanza ya mwanangu, ushahidi wa aliyenipokea wenye dole gumba, na insha ya pili ambayo mtoto ameiandika bila kuombwa na mtu.

Mwajuma Omari, Mama Rukia,
mzaliwa wa mtoni, kwa m ndogo.